Nyumba tatu, watoto watatu, na mimi niko njiani

Shikamoo mama mshauri. Naomba jina langu lisitoke maana Tabora ni mji mdogo, nikitaja mtaa na kazi tu watu washanijua. Mi ni mama wa watoto watatu, miaka 34, tunaishi Ng'ambo kwenye nyumba ya kupanga huu mwaka wa sita. Mkubwa wangu wa kike yuko darasa la nne, anayemfuata wa kiume ana miaka mitano yuko awali, alafu kuna kachanga ka miezi saba. Mume wangu ana duka la spea za baiskeli karibu na soko kuu, mimi nimeajiriwa na kituo changu cha kazi kiko Isikizya huko Uyui.

Mwezi wa nane mwishoni mwenye nyumba wetu alikuja jioni, akakaa kabisa kwenye kigoda akaomba na maji ya kunywa, nikajua leo kuna jambo. Akasema kijana wake anaoa mwezi wa kumi na mbili na atakaa kwenye hivi vyumba vyetu, kwa hiyo tutafute mahali, mpaka mwisho wa mwezi wa kumi na moja tuwe tumetoka. Hakutugombeza, hatudaiani naye kitu, na muda katupa, sina lawama nae kabisa. Ila tangu siku hiyo mi na mume wangu hatuelewani kuhusu tuhamie wapi na ndo maana nakuandikia.

Ngoja nikueleze siku yangu ilivyo. Naamka saa kumi alfajiri, napika uji, nakamua maziwa naacha kwenye chupa, namuandaa wa awali, saa kumi na moja na nusu nishatoka kuwahi gari maana kazini saa moja na nusu uwe umesaini. Kutoka ni saa tisa na nusu lakini kutoka siyo kufika mama. Pale barabarani tunasubiri magari yanayotoka Nzega, yanapita yamejaa, yanatupungia mkono tu. Kuna siku nafika nyumbani saa kumi na mbili, kuna siku saa moja imepita. Nauli 2,000 kwenda na 2,000 kurudi, alafu asubuhi bado giza nachukua bodaboda mpaka stendi 1,000, na jioni nikichelewa 1,000 nyingine.

Nyumbani kuna dada anayenisaidia ila kashaniaga, mvua zikianza anarudi kwao Sikonge kulima, hajanificha. Na hata sasa akienda sokoni au kuchota maji watoto wanabaki na huyu mkubwa. Wiki iliyopita nilifika saa moja na robo dada yuko nje anaongea na simu, nikamkuta binti yangu kalala kwenye mkeka na sare ya shule, daftari kifuani, na mkono wake kamshika mdogo wake mguu. Nilivyomuamsha nikamuuliza mbona umemshika hivyo, akasema mama nilikuwa nazuia asitambae kwenda kwenye jiko la mkaa. Mama, nilikaa chini pale pale nikalia.

Sasa nyumba tulizoziona ni tatu.

Ya kwanza iko Cheyo, mume wangu ndo anaitaka. Vyumba viwili na sebule, 110,000 kwa mwezi, miezi sita kwa mkupuo. Ni uani wapangaji wanne, choo na bafu vya kushirikiana, LUKU moja mnachangiana. Anaitaka kwa sababu mama yake anaishi nyumba ya tatu kutoka hapo, anasema mama atatuangalizia watoto na yeye dukani ni karibu. Shule ya watoto hawahami, watatembea kidogo zaidi ya sasa. Mi na mama mkwe hatuna ugomvi, ila ni mtu wa kusema, na ninajua ntakuwa narudi saa moja usiku kila siku mbele ya macho yake.

Ya pili naitaka mimi. Iko nje kidogo ya mji upande wa barabara ya Nzega, mtaa siutaji maana dalali na mwenye nyumba wanajulikana. Nyumba inajitegemea, vyumba vitatu, choo ndani, uzio wa tofali na geti, kuna kisima chao uani kimefunikwa na bati na jiwe juu, na mwembe mkubwa wa kivuli. Yaani nilivyoingia tu moyo ukatulia. Kodi ni 180,000 na mwenye nyumba anataka mwaka mzima, yaani 2,160,000, na dalali anataka ya mwezi mmoja juu. Kule nakuwa nishapunguza safari, nauli 1,500 na sihitaji bodaboda, natembea dakika kumi mpaka lami. Mume wangu atakuja mjini na baiskeli, kama kilomita nane, anasema sawa ila hana raha. Shule ya karibu bado sijaiona, watu wanasema ipo. Hiyo hela yote hatuna, itabidi nikope kwenye kikundi na yeye apunguze mtaji wa duka.

Ya tatu ni hapo hapo Isikizya, mwenzangu wa kazini kaniambia. Nyumba nzima vyumba viwili na sebule, 70,000, miezi mitatu unaingia. Kutoka hapo mpaka ofisini ni kutembea. Kazini nako tunakumbushwa kila mara mtumishi akae kituo chake cha kazi. Mume wangu nilivyomwambia alicheka akasema kwa hiyo duka nalo nilihamishie porini? Hatukuendelea na hayo maongezi, usiku kila mtu akageukia ukuta wake.

Najua nyumba ni nyumba tu na wengine hawana hata hiyo ya kuchagua. Ila mi nataka watoto wangu wakae mahali pazuri na nisipoteze kazi na nisiharibu ndoa. Nimeshindwa kabisa, nikilala naota nabeba magodoro. Nisaidie nichague ipi.

Mama wa watatu, Tabora

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma asubuhi nikairudia jioni, na mara zote mbili nilisimama pale kwenye mkono wa binti yako umeshika mguu wa mdogo wake. Nataka nianzie hapo maana naona hapo ndipo barua yako yote ilipo, hayo ya vyumba na kodi yamekuja baadae.

Nikisema kwa maneno yangu nilivyokuelewa, una miezi miwili na kidogo ya kuhama. Mumeo anataka muwe karibu na mama yake na duka lake, wewe unataka nyumba yenye nafasi na uzio na safari fupi kidogo, na kuna ya tatu ambayo ndiyo karibu kabisa na kazi yako lakini maongezi yake yalikufa siku ile ile yalipozaliwa. Na juu ya hayo yote dada anaondoka. Hili la dada umeliandika kwa mstari mmoja ukalipita, lakini mi nadhani ndilo kubwa kuliko la mwenye nyumba. Hata asingekuja kukaa kwenye kigoda, mwezi wa kumi na moja bado ungebaki na swali: kati ya saa kumi na moja na nusu alfajiri na saa moja usiku, hao watoto wako na nani?

Kwa hiyo kabla hujaniuliza ipi nzuri, chukua daftari, kaa na mumeo, muandike siku moja tu, tuseme jumanne ya mwezi wa kwanza mvua inanyesha. Muiandike mara tatu, kwa kila nyumba. Saa kumi na moja na nusu nani yuko na mtoto mchanga, nani anampeleka wa awali na nani anamrudisha saa ngapi, huyu mkubwa akitoka shule anakuta nani, na saa kumi na mbili jiko nani analiwasha. Msiandike "tutaona", andikeni jina la mtu. Pale penye saa isiyo na jina, hapo ndipo binti yako anaingia kujaza, na yeye ana miaka tisa au kumi tu.

Nitapita kwenye nyumba moja moja, ila elewa sikuchagulii. Nitakuuliza tu ambayo mimi ningeyauliza kama ningekuwa nimesimama na wewe uani.

Cheyo kwanza. Mumeo amesema mama atawaangalizia. Mwanangu, mama mwenyewe kaulizwa? Maana kwenye barua yako hajasema neno hata moja, anasemewa tu. Kumlea mtoto anayetambaa kutwa nzima siku tano ni kazi ya mwili, na bibi anaweza kuwapenda wajukuu kwa moyo wote na mgongo wake ukakataa. Inawezekana anatamani wawe karibu aje awaone, awape embe na karanga, basi. Inawezekana pia anangoja tu aombwe kwa heshima, kwa kuketi nae na kumwambia mama tunahitaji saa hizi na hizi, na dada mwingine tutamtafuta, wewe uwe jicho tu. Hayo ni maombi mawili tofauti na majibu yake yanaweza kuwa tofauti.

Alafu hilo la kuwa ni mtu wa kusema. Sitakwambia ni dogo, nimekaa na mawifi na mama mkwe uani najua linavyochosha. Lakini jiulize kwa utaratibu unachokiogopa ni maneno yake, au ni kwamba akisema mbona mama yenu anarudi usiku utakuwa unasikia kitu ambacho na wewe unajiambia kila siku? Kama ni hili la pili, basi litakufuata mpaka kwenye nyumba yenye geti. Na nikuambie wazi, mama anayeamka saa kumi alfajiri akapika uji na kukamua maziwa hajawaacha watoto wake.

Uani wa wapangaji wanne una karaha zake, choo cha foleni, LUKU ya kuchangiana ambapo mmoja ana friji na mwingine ana taa moja wote mnalipa sawa. Kabla ya kulipa uliza hiyo michango inagawanywaje na kama mwenye nyumba anaruhusu mfunge mita ndogo yenu. Lakini uani una kitu kimoja kizuri, mtoto akilia watu wanne wanasikia. Mi nimekulia kota za reli, baba alikuwa reli, na mama akiwa shamba sisi tulilelewa na kila mlango uliokuwa wazi.

Hapo ndipo nije kwenye nyumba yako ya barabara ya Nzega, ile iliyokutuliza moyo. Naielewa kabisa, mwembe na geti na choo ndani baada ya miaka sita ya uani. Sitaki kukuharibia. Ila nimesoma maelezo yako nikasimama kwenye kisima, umesema kimefunikwa na bati na jiwe juu. Mwanangu, una mtoto wa kiume wa miaka mitano. Jiwe ambalo mtu mzima analiinua kila siku kuchota maji ni jiwe ambalo siku moja litasahauliwa pembeni, na bati lenyewe mtoto akilikanyaga halimbebi. Kama nyumba hiyo itabaki kwenye mawazo yenu, basi kabla ya hela yoyote kutoka, mwenye nyumba ajenge mdomo wa kisima uwe juu na aweke mfuniko wa zege au wa chuma wenye kufuli, na liandikwe kwenye mkataba. Akisema mtafanya wenyewe, mkubaliane ikatwe kwenye kodi. Akikataa kabisa hata hilo, hapo umejua kitu kuhusu mwenye nyumba ambae utakuwa umempa hela ya mwaka mzima.

Na uzio. Uzio unazuia wa nje, hauangalii wa ndani. Dada mgeni, mtoto mchanga, kisima, geti limefungwa, wewe uko Isikizya na baba yuko dukani kilomita nane. Nani anasikia? Inawezekana jirani ni mwema ajabu, basi nenda ukamjue. Nenda siku mbili tofauti bila dalali, mara moja mchana watu wakiwa wametulia, mara moja alfajiri saa kumi na moja na nusu, utembee hizo dakika kumi mpaka lami kukiwa bado giza, usimame kituoni uone gari zinasimama au nazo zinapita zimejaa zimetoka stendi. Hili ni la muhimu sana maana hesabu yako yote ya nyumba hii imejengwa juu ya gari kusimama hapo. Sa hizi stendi unapata siti kwa sababu ndipo gari linaanzia, ukihamia njiani unaweza kujikuta unapungiwa mkono asubuhi kama unavyopungiwa jioni.

Kitu kingine, mmeiona nyumba wakati wa kiangazi. Kiangazi kila kiwanja Tabora ni kizuri. Mvua zikianza mwezi wa kumi na moja, penye udongo mweusi wa mbuga panageuka, pikipiki haipiti na mtoto anafika shule viatu mkononi. Angalia ukuta kwa chini kwa nje kama kuna mstari wa maji au rangi imebabuka usawa mmoja, mara nyingi mwenye nyumba anapaka rangi mpya ndani tu nje anasahau. Muulize mama wa genge hapo jirani mwaka jana maji yalifika wapi, huyo hana kamisheni.

Na hili la maji linanipeleka kwenye mbu, ambalo kwa nyumba zote tatu ningeliweka juu kuliko uzio. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta Tabora ndiyo yenye malaria nyingi kuliko mikoa yote kwa watoto chini ya miaka mitano, asilimia 23, wakati nchi nzima ni asilimia 8. Una mmoja wa umri huo na mwingine katoka humo juzi tu. Kwa hiyo ukiingia chumba cha kulala angalia juu, kuna dari au unaona bati, pale ukuta unapokutana na paa pamezibwa au pako wazi, madirisha yana nyavu nzima au zimechanika. Angalia na nyuma ya nyumba maji ya bafuni yanaishia wapi. Nyavu ni kitu unachoweza kumuomba mwenye nyumba au kuziweka mwenyewe kwa hela ndogo, dari ni kazi kubwa zaidi. Nyumba ya 70,000 yenye nyavu nzima inaweza kuwa nyumba ya watoto kuliko ya 180,000 yenye geti.

Sasa Isikizya. Umeniandikia mistari michache tu kuhusu hiyo nyumba na mingi ni ya kicheko cha mumeo. Sisemi ndiyo yenyewe, ila haijapewa nafasi ya kusikilizwa kama zile mbili, nami naomba muipe hata jioni moja.

Nilikaa na kalamu nikafanya hesabu kwa namba zako. Cheyo, kodi 110,000, nauli zako 4,000 kwa siku 22 ni 88,000, na bodaboda zikiwa mbili kwa siku zinafika 44,000, jumla 242,000 kwa mwezi. Barabara ya Nzega, kodi 180,000 na nauli 66,000 ni 246,000, kabla hujalipa mkopo wa kikundi wala usafiri wa mtoto wa shule. Ukiziona kwenye kodi tu zimepishana 70,000, ukiweka na safari zimekaribia kulingana. Isikizya kodi 70,000, wewe nauli hakuna, na kama mumeo ndiye atakayesafiri kwenda dukani siku 26, ni 104,000, jumla 174,000.

Najua hapo kwenye mumeo kusafiri umeshtuka. Ndicho nilichotaka kukuuliza kwa upole, kwamba barua yako nzima imeandikwa kana kwamba safari ni ya mama peke yake. Duka ni la kwenu, linafunguliwa na mwenyewe, ofisi ya serikali inafunguliwa saa moja na nusu utake usitake. Inawezekana kabisa jibu lake ni hapana na lina sababu, mafundi baiskeli wanakuja asubuhi na mapema kutafuta spea, akifungua saa tatu mteja kashaenda kwa jirani, na akirudi Isikizya usiku usafiri ni shida zaidi. Hizo ni sababu za kweli na zinaweza kuizidi nguvu hiyo nafuu yote ya Isikizya. Lakini zisemwe kwa sauti, mezani, siyo kwa kicheko na ukuta.

Kuna na mtoto mchanga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama anayenyonyesha nafasi ya kunyonyesha ndani ya saa za kazi, mpaka masaa mawili kwa siku. Sijui kama unaitumia, wengi hawaiombi kwa kuona aibu. Ukikaa Isikizya hayo masaa mawili yana maana, unatembea nyumbani unamnyonyesha unamuona kaamkaje, na dada unamuona anafanya nini. Ukikaa mjini hayawezi kukufikisha popote, labda uongee na afisa utumishi wako kama yanaweza kuhesabiwa mwisho wa siku ukatoka mapema kabla magari hayajajaa. Hilo ombi halitegemei nyumba, unaweza kulifanya hata wiki hii.

Hatari za Isikizya zipo. Kama mumeo atabaki mjini siku za kazi na kuja mwisho wa wiki, mtakuwa mmegawa familia, na watu huanza na wiki moja wakajikuta mwaka. Mtoto akiugua usiku uliza nani ana gari au pikipiki hapo jirani. Na wewe ukihamishwa kituo, nyumba haina maana tena, ingawa kwa kodi ya miezi mitatu mmepoteza kidogo, tofauti na ile ya mwaka mzima.

Kuhusu shule, binti yako ana upimaji wa kitaifa wa darasa la nne mwaka huu na huwa mwezi wa kumi, kwa hiyo kwa notisi mliyopewa atakuwa ameshaufanya kabla hamjahama. Kama mtamhamisha, ongea na mwalimu mkuu sa hizi uhamisho uwe tayari mwezi wa kwanza shule zikifunguliwa. Na nenda ukaione hiyo shule, "watu wanasema ipo" haitoshi kwa mtoto wa awali ambae atatembea. Hesabu anavuka lami au havuki. Barabara ya Nzega ina mabasi na malori, mtoto wa miaka mitano havuki peke yake hata kama shule ni ya kuonekana kwa macho.

Kwenye hela naomba uende taratibu. Kukopa kwenye kikundi na kupunguza mtaji wa duka kwa wakati mmoja ni kukata miguu miwili ya kiti kimoja. Muulizeni mwenye nyumba wa pili miezi sita. Wengi wanaanza na mwaka na kushuka wakiona mpangaji wa kueleweka mwenye ajira. Popote mtakapoangukia, mkataba uwe wa maandishi, mumuone mwenye nyumba mwenyewe na siyo dalali peke yake, mwenyekiti wa mtaa awajue, na muandike notisi ni muda gani na hela inarudije akitaka nyumba yake kabla ya muda. Huyu wa sasa amekuwa muungwana akakuja na kukaa, siyo wote wanaomba maji kwanza.

La mwisho ni wewe na mwenzio. Nilivyosoma, yeye kwenye Cheyo anaona mama yake na duka lake, wewe kwenye barabara ya Nzega unaona mwembe na kupumua. Sidhani kama mmoja wenu anagombania nyumba. Je anajua ulikaa chini ukalia siku ile? Umemwambia la mkono wa binti yenu, au alirudi saa mbili akakuta watoto wamelala na wewe umenyamaza? Mwambie hilo kabla ya kutaja mtaa wowote. Chagua siku ambayo duka limefungwa, jumapili mchana, siyo usiku mmechoka. Na mkubwa naye mumuulize, muulizeni tu jioni huwa anaogopa nini, alafu mmsikilize mpaka amalize bila kumkatisha.

Na dada wa Sikonge, kabla hajaondoka, kaa nae umuulize kama ana ndugu yake anayemuamini. Mvua za kwanza haziko mbali.

Niandikie tena mkishaiandika ile jumanne, uniambie saa zipi zilikosa jina.

Mama yako mshauri